Nukta ya Kijani

Mwalimu alikufa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, juu ya meza ya upasuaji, mtoto wake akiwa na umri wa dakika arobaini.

Inspekta alipofika, maiti ilikuwa bado haijapelekwa mochwari. Ilikuwa imefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni. Daktari wa wazazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu kama mgonjwa, glovu bado ziko mikononi, akitazama sakafu ambayo hakuna aliyekuwa amepata moyo wa kuipiga deki.

"Amekufa kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Amevuja damu."

"Wazazi huvuja damu, Daktari. Mbona umeita polisi?"

"Kwa sababu anayevuja huongezewa." Daktari alivua glovu moja, akaiacha ianguke. "Mwalimu ni kundi O hasi. Nilituma muuguzi benki ya damu alete mifuko minne. Rejista inasema ipo sita. Friji ikafunguliwa, hamna hata mmoja. Sita, Inspekta! Jana ilikuwepo. Kuna mtu kaibeba, na huyu mwanamke amekufa mbele yangu nikiwa nimeshika pamba tu."

Sajini aliandika. Alikuwa amekuja na Inspekta, mwanamke mrefu, mweusi wa kukolea, na kazini kwao ndiye pekee wa rangi ile mwenye cheo. Babu zake waliletwa nchi hii miaka mia moja iliyopita kuchimba mfereji. Mfereji ulishakauka zamani, ila watu wake bado waliitwa Waletwa, na mtaa wao bado uliitwa Mferejini. Miezi mitatu nyuma bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kupinga ubaguzi. Redioni watu walibishana kutwa. Wengine walisema haki imechelewa, wengine walisema sasa tutafundishwa hata namna ya kuwasalimia majirani. Hospitali nayo ilikuwa imebandika bango jipya kila ukumbi: HAPA KILA MTU NI MTU.

Benki ya damu ilikuwa chumba kidogo chenye friji mbili, sinki la chuma, meza, na dirisha dogo la kupokelea watu. Sista msimamizi aliwapokea mlangoni akijifuta machozi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, sweta juu ya sare, saa imebanwa kifuani. Miaka thelathini na mmoja kazini. Nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake, na nusu nyingine ilikuwa na ndugu aliyepita.

"Funguo za friji ziko ngapi, Sista?"

"Mbili, mwanangu. Mmoja huu hapa shingoni. Wa pili anao mhudumu wa maabara."

"Nani huyo?"

"Tunamwita Kimya. Haongei." Alimtupia jicho Sajini, kisha akamsogelea Inspekta na kupunguza sauti. "Sipendi kusema. Na siku hizi kusema kwenyewe ni kosa. Lakini unajua mwenyewe. Ni wa kule."

"Kule wapi, Sista?" Sajini aliuliza.

Sista akaitazama saa yake.

Ukumbini walimkuta mjane wa Mwalimu, fundi wa redio, amesimama na mkoba wa nguo za mtoto. Kando yake, kwenye benchi, mama wa marehemu alikuwa amempakata kichanga bila kukiangalia.

"Mnangoja nini?" mjane alifoka. "Kila mtu hapa anasema ni yule Mletwa. Ana funguo! Ameiuza damu ya mke wangu!"

"Tunachunguza, bwana."

"Mnachunguza nini wakati mtu yupo?"

Simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo. Watu wa redio walikuwa wameshampigia. Wakaguzi wa tume ya kupinga ubaguzi nao walikuwa hapo hapo hospitali, walikuja kukagua asubuhi ile na kukuta vilio. "Mweke ndani huyo mwenye funguo," mkuu alisema. "Mengine yatajulikana mbele ya safari."

Inspekta angeweza kubisha. Hakubisha. Kimya alitolewa stoo ya mifagio amefungwa pingu, mkono mmoja bado umeshika kitambaa cha kufutia vumbi, na ukumbi mzima ukampisha njia kama anayenuka.

* * *

Saa sita mchana walikaa naye chumba cha mahojiano. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, macho yake hayatui juu ya mtu.

"Jana ulitoka kazini saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Uliingia benki ya damu?"

"Ndiyo."

"Kufanya nini?"

"Kusafisha sinki."

"Husafishwa kila jioni?"

"Asubuhi."

"Basi jana jioni kulikoni?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Kimya akalitimiza jina lake.

Inspekta aligonga meza kwa kidole. "Mwanamke amekufa, bwana. Ukinyamaza, kesho utasomewa shtaka. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Damu iko wapi?"

"Sikuigusa."

Sajini akaweka kalamu chini. "Afande, nipe dakika tano."

Inspekta alitoka, ila mlango akauacha wazi kidogo. Akasikia Sajini akivuta kiti.

"Kaka, mimi ni binti wa fundi cherehani wa Mferejini, pale kwenye bomba la kwanza."

"Namjua mzee. Aliwahi kunishonea suruali."

"Basi ongea na mimi."

"Wewe una sare, dada."

"Nikiivua narudi pale pale kwenye foleni ya maji."

Kimya alisema, "Nikikutajia aliyenituma, atakataa. Neno langu na neno lake, watu watalisikiliza lipi? Jibu mwenyewe."

Sajini akaivuta kalamu yake.

"Basi mimi sitaji mtu," Kimya alisema. "Nendeni mkaulize habari ya nukta."

"Nukta gani?"

"Za kijani. Mkiulizia hizo, hamtarudi tena kwangu."

* * *

Saa nane walirudi hospitali na mtaalamu wa uchunguzi wa jinai, kijana mwenye sanduku la vifaa na mafua yasiyoisha. Sista alikuwa ameitwa ofisini kwa mganga mkuu. Chumba kilikuwa chao.

Sinki lilinuka dawa ya kuulia vijidudu hadi macho yakawasha. Fundi bomba wa hospitali alifungua kiwiko cha bomba chini yake, na ndani yake, pale dawa isipofika, likatoka bonge jeusi lililoganda. Mtaalamu alilitia kwenye kichupa, akadondoshea kemikali yake, akasubiri.

"Damu," alisema, akipiga chafya. "Ya nani, maabara watasema. Lakini haikuwa tone moja wala mawili."

"Kwa hiyo haikuibwa," Inspekta alisema.

"Imemwagwa, afande."

Ndoo ya taka ilikuwa imemwagwa pia, lakini haraka. Chini ya mfuko mpya lilikuwa limenasa donge la pamba. Sajini alilitoa kwa koleo. Lilinuka spiriti, na upande mmoja lilikuwa na rangi ya kijani, kama lililofutia wino.

Wakaenda nyuma ya hospitali, kwenye tanuru la kuchomea taka. Mwendesha tanuru alikuwa mzee mcheshi, nyusi zimeungua.

"Jana jioni nani alileta taka kutoka benki ya damu?"

"Sista mwenyewe! Saa kumi na moja kasoro. Na mfuko mwekundu. Nikamwambia, mama, unajichosha bure, si ungemtuma Kimya? Akasema ananyoosha miguu." Mzee akacheka. "Miaka kumi na minne niko hapa, ndiyo mara ya kwanza miguu yake kuja kunyookea kwenye moshi."

"Uliuchoma wote?"

"Moto wa jana ulikuwa mvivu. Kuni mbichi."

Walichambua majivu kwa fito. Karibu na mlango wa tanuru kulikuwa na vipande vya plastiki vilivyoyeyuka, mirija, na kipande kimoja cha mfuko ambacho lebo yake ilikuwa haijaungua yote. Ilibaki tarakimu tatu za mwisho: 417. Pembeni ya tarakimu, nukta ndogo ya kijani.

Rejista ya wachangiaji ilikuwa imefungiwa kwenye droo ya Sista. Mganga mkuu alileta ufunguo wa akiba huku jasho linamtoka. Inspekta aliifungua mezani. Kila mstari ulikuwa na namba, jina, kundi, tarehe na mtaa. Pembezoni, kwenye baadhi ya mistari tu, nukta za kijani.

Alifuata mistari kwa kidole. Yenye nukta ilikuwa ya Mferejini. Au majina ya Mferejini. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka. Mifuko sita ya O hasi iliyokuwa kwenye friji jana, yote ilikuwa na nukta.

Kisha akafika 416. Lilikuwa jina lake mwenyewe. Wiki mbili nyuma polisi walichangia damu, wakapigwa picha na gazeti. Damu yake, ya kundi jingine, ilikuwa imetumika siku ya tatu. Haikuwa na nukta.

Mstari uliofuata, 417, ulikuwa wa Sajini.

Alitaka kufunga rejista. Sajini alikuwa ameshaona. Alisimama akiisoma bila kubadilika uso.

"Walinipa soda na biskuti," alisema. "Sista akanishukuru sana."

"Ulikuwa unajua?"

"Hapana, afande." Akaigeuza rejista upande wake ili anakili namba. "Ila sikushangaa."

Daktari wa wazazi waliyemwita alisimama mlangoni, akatazama nukta, akatazama ukuta.

"Umewahi kuziona hizi kwenye mifuko?" Inspekta aliuliza.

"Mara nyingi."

"Ulidhani ni za nini?"

"Nilidhani ni alama za maabara."

"Kweli?"

"Sikutaka kudhani kitu kingine."

Kwenye faili la marehemu, fomu ya kupokelewa ilikuwa na mstari mmoja ulioongezwa kwa mkono, chini kabisa: *Familia inaomba damu ya watu wa asili yake.* Chini yake, sahihi ya mume. Na alama ya vema, kwa wino wa kijani.

Mjane alikuwa bado ukumbini. Inspekta alimwonyesha fomu.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ndiyo." Akaisoma tena, kama ya mtu mwingine. "Lakini hili… kila mtu huomba. Ukija hapa unaambiwa, mwone Sista, mweleze. Mimi niliomba tu. Inahusiana nini na wizi?"

"Hakukuwa na wizi. Damu ya kundi la mkeo ilikuwepo. Ilikuwa imetoka Mferejini. Imemwagwa."

Kwenye benchi, mama wa marehemu alikuwa amenyanyua uso kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu," alimuuliza mkwewe, "uliandika nini?"

Kichanga kikaanza kulia, na bibi yake akasimama nacho, akaenda kukaa benchi jingine.

Inspekta alipiga simu kituoni. "Mtoe Kimya."

"Kwa nini? Nani basi?" mkuu aliuliza.

"Sista wa benki ya damu."

"Yule? Yule alikesha na mke wangu siku tatu!"

"Ndiye huyo."

Mkuu akasema, "Hakikisha una ushahidi," sauti yake imepwaya. Asubuhi, kwa Kimya, hakuwa ameuulizia.

* * *

Sista alikaa wima chumba cha mahojiano, mikono juu ya mapaja. Alikuwa ameelezwa haki zake na kusema wakili hamhitaji. Inspekta aliweka mbele yake vitu vitatu: donge la pamba, kipande cha mfuko, rejista. Sajini alikaa pembeni na karatasi za maelezo.

"Mwanangu," Sista alianza, "mimi nimeokoa watu wengi kuliko siku ulizoishi."

"Najua. Nukta hii ni ya nini?"

"Alama ya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya mpangilio."

"Wa kupanga nini na nini?"

Sista alibana midomo.

"Mia nne kumi na saba ni mimi, Sista," Sajini alisema.

Mama yule aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama usoni. "Ni wewe?"

"Ulinishika mkono mwenyewe. Ukaniambia nina mishipa mizuri, damu yangu itamfaa mtu."

Sista alitoa leso, lakini hakuitumia. Aliikunja mara nne, akaiweka mezani.

"Miaka tisa iliyopita," alisema, "kulikuwa na mzee mmoja, ajali ya lori. Alipoona jina kwenye mfuko akaung'oa mrija mkononi. Akasema afadhali kufa kuliko kuwekewa damu ya Mletwa. Akafa kweli, nikimwona. Wanawe wakanifuata mpaka nyumbani, wakaniita muuaji. Nikasema haya hayatanikuta tena. Nikaondoa majina, nikaanza kuweka nukta. Yenye nukta ya Waletwa, isiyo na nukta ya wengine. Kila mtu anapata ya kwao, anapona kwa amani."

"Na yenye nukta ikizidi?"

"Ikipita muda inatupwa."

"Na isiyo na nukta ikipungua?"

"Tunaomba ndugu wachangie."

"Na wasipopatikana?"

"Baadhi walikufa. Lakini wangekufa hata hivyo, pengine. Huwezi kujua."

"Nani mwingine alijua?"

"Nani hakujua? Familia zilikuja dirishani kunong'ona, nikawaambia msijali. Wakunga walijua. Maabara walijua. Miaka tisa hakuna aliyeniuliza, Sista, hii ni nini. Mimi sina chuki na mtu, Inspekta. Nimewazalisha Waletwa, nimewaosha, nimewalisha kwa kijiko. Nilikuwa nawapunguzia watu uchungu."

"Tuje kwenye jana."

"Jana saa nane ikaja barua ya tume. Kesho tutakagua, pamoja na benki ya damu. Nikaingiwa na hofu. Nikachukua spiriti nifute. Nukta ikatoka, lakini namba nayo ikatoka. Mfuko usio na namba hauruhusiwi kuwekewa mtu. Nikajaribu wa pili polepole, yakawa yale yale. Nikajiambia, heri isionekane kabisa. Jumatano italetwa nyingine kutoka benki kuu. Siku mbili tu."

"Ukaimwaga."

"Nikaimwaga yote yenye nukta. Nilifungulia maji kwa nguvu ili nisiione."

"Kwa kuogopa tume."

"Kwa kuogopa kuitwa mbaguzi." Sauti yake ilivunjika hapo. "Miaka thelathini na mmoja, halafu nisomwe redioni kama mbaguzi! Rejista ningesema iko kwa mchapaji. Nilikuwa nimekifikiria kila kitu. Yule mwalimu tu sikumfikiria."

"Na Kimya? Ulimsingizia."

"Sikusema ni yeye."

"Ulisema ni wa kule."

"Hilo tu. Mliomalizia ni nyinyi."

Inspekta alivuta rejista kwake, akaifunga, akairudisha.

"Nakuuliza jambo moja la mwisho, Sista. Tuseme jana hukuimwaga yote. Umebaki mfuko mmoja wenye nukta. Daktari anapiga kelele, mwalimu anavuja. Ungempa?"

Sista alifikiri. Alifikiri kweli, kwa muda, kama mtu anayetaka kujibu vizuri.

"Ningemuuliza mumewe kwanza," alisema.

Kalamu ya Sajini ilikwaruza karatasi, ikasimama, ikaendelea.

"Mume aliandika ombi," Inspekta alisema. "Analo la kujibu yeye. Lakini mwenye funguo ulikuwa wewe."

"Aliandika, ndiyo. Wengi wao hawakuandika, walisema tu." Sista alimtazama, na machoni mwake hakukuwa na ubaya wowote, ila uchovu. "Hata kwenu, mwanangu. Mama yako alipopasuliwa nyonga, mwaka juzi. Kaka yako mkubwa alikuja pale dirishani kwangu. Akasema, Sista, tuangalie, asije akawekewa ya hao. Nikasema, msiwe na wasiwasi. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake. Ukanishukuru."

Chumba kikawa kidogo.

Inspekta alikumbuka dirisha. Alikumbuka mgongo wa kaka yake na koti lake la kahawia. Siku ile alikuwa amejiambia kwamba kaka anazungumzia magonjwa, usafi, vitu vya kidaktari. Alijiambia hivyo haraka, kabla hajapata nafasi ya kujiuliza. Mama yake alipona. Bado yu hai, kila Jumapili humpikia chai na kumsimulia ndoto zake.

Sajini hakuinua kichwa.

"Hili nalo niandike, afande?"

Inspekta alijua angeweza kusema halihusiani na kesi, na hakuna hakimu ambaye angelalamika.

"Andika."

"Niweke nani aliomba?"

"Weka kaka yangu aliomba." Inspekta aliisogeza rejista pembeni. "Na weka kwamba mimi nilisikia."

Sajini aliandika. Hakuharakisha wala hakuchelewesha, mwandiko wake ule ule mnyoofu wa siku zote. Alipomaliza alimsogezea Sista karatasi atie sahihi, akamwonyesha mahali. Kisha akaisogeza kwa Inspekta, na kalamu juu yake.